Asali ya Wageni

Mguu wangu wa kushoto huvimba nikikaa chini muda mrefu, na kwa siku tatu za msiba wa shangazi Talaso nilikaa chini tangu asubuhi hadi watu wa mwisho walipokwenda zao. Tulimzika hapa Isiolo siku ile ile aliyofariki, kama desturi yetu ilivyo, na baada ya hapo ikabaki kazi ya kupokea watu: wanawake kwenye mikeka ndani, wanaume kwenye viti vya plastiki nje chini ya turubai, na sufuria ya chai isiyotoka motoni. Nina miaka hamsini na mitano. Nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauiponyi, wala sisemi hivyo ili nionewe huruma. Nasema kwa sababu kuficha jambo ni kazi, tena kazi ya kila siku, na nilikuwa nimeifanya kwa miaka thelathini na mitano. Siku ya tatu, alasiri, Rukia aliingia. Huyu ni binti wa nyumba hii ya msiba, mtaa wa Wabera, ndiye aliyemwogesha na kumlisha shangazi hadi mwisho. Akaniambia kuna mzee Mmeru nje, ameleta sukari kwa ajili ya msiba, na anauliza kama kuna mtu yeyote wa enzi zile za Kulamawe. Wanawake wakatazamana. Mmoja akauliza, bila hata kushusha sauti, kama ni yule Mmeru wa nyuki, yule mwongo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo yasiyomfurahisha mtu, nikapelekwa kijiji cha Kulamawe kukaa na shangazi aliyekuwa amefiwa na mume. Habari za kwetu, nani alimzaa nani, nitaziruka; kila ukoo una orodha yake na hakuna inayofupika. Nitakalosimulia ni nyumba. Kwetu Waborana nyumba ni ya mwanamke. Yeye ndiye huikata fito, huikunja, huifunga kamba na kuifunika mikeka, na mume akiishi humo ni kwa sababu mwenye nyumba amemkaribisha. Ile ya shangazi ilikuwa ndogo na ya duara, mlango wake ukiukaribia lazima uiname, hata uwe chifu. Ndani mlikuwa na kitanda cha fito upande wa kulia, sanduku la bati lililopakwa rangi ya kijani, mafiga matatu, na vibuyu vya maziwa vilivyoning'inia ukutani. Vilikuwa vitupu. Ng'ombe walikuwa wamekufa mwaka uliotangulia na mbuzi wakafuata, lakini shangazi aliendelea kuvifukiza vibuyu vile kwa moshi wa kuni za mti mgumu kila Ijumaa, ili viwe tayari. Tulikula mahindi ya msaada yaliyochemshwa tangu asubuhi na bado yakawa magumu, tukanywa chai ya rangi, na jioni shangazi alikuwa akisema kwamba chai ya rangi ni maji yaliyoona aibu. Nilicheka mara ya kwanza. Ilipofika mara ya thelathini nilikuwa nainywa tu.

Kilichomkosesha shangazi raha si njaa. Guyo, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa na duka Wabera na nyumba ya mawe, na alitaka shangazi aivunje nyumba yake akakae kwenye chumba cha uani kwake. Guyo hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke. Kwa macho yake, mjane asiye na mtoto wala mfugo, anayekaa porini na msichana wa shule, ni fedheha kwa ukoo mzima. Nilikuwa nawasikia wanawake wa jirani wakilizungumza jambo hilo kisimani wakidhani siwasikii: kwamba Talaso anajifanya mwanamume, kwamba kule mjini angekunywa chai ya maziwa. Yeye alikuwa na jibu moja tu. Aliniambia nikimsaidia kukaza kamba ya paa, "Darmi, hapa mimi ndiye ninayemwambia mtu akae wapi. Nikienda kule, nitaambiwa." Alisema hivyo akiwa na kamba mdomoni, na sidhani kama alijua amesema kitu kikubwa.

Alichobaki nacho ni punda mmoja wa kubebea maji na mizinga sita. Kulikuwa na mradi uliogawia kikundi cha akina mama mizinga ya mbao, na fundi wake alikuwa Mwiti, Mmeru wa upande wa mlimani, kijana wa miaka thelathini hivi aliyekuja kila baada ya wiki kadhaa kwa baiskeli iliyopiga kelele kila mahali isipokuwa kwenye kengele. Akina mama wengine waliipokea mizinga kwa adabu na kuitundika mbali wasiione. Mfugaji na inzi wapi na wapi, walisema. Shangazi alikuwa amezika ng'ombe kumi na wanane, na mtu wa namna hiyo hawezi kuchagua mfugo. Aliitundika yote sita kwa waya kwenye migunga ya kando ya laga, ule mto wa mchanga unaopata maji siku mbili kwa mwaka, umbali ambao ukiita kutoka nyumbani mtu anasikia. Mvua ya mwanzo wa mwaka ilikuwa chache lakini migunga ilichanua, nyuki wakaja, na mwezi wa tano tukavuna mtungi mmoja mdogo ambao shangazi aliufungia kwenye sanduku la kijani pamoja na shuka ya marehemu mumewe.

Mwezi wa sita Mwiti alikuja kutufundisha kuiandaa mizinga kwa kiangazi. Alikaa nje ya nyumba, mgongo kwenye kivuli chembamba, akasimulia kwamba amesoma kuhusu nchi za baridi ambako watu huifunika mizinga blanketi kabla ya theluji na kuwaachia nyuki asali ya kula hadi majani yarudi. Shangazi akauliza theluji ni nini. Akamwonyesha kwa kidole kile cheupe kinachoonekana juu ya mlima asubuhi zisizo na mawingu. "Huku yetu ni jua," akasema. "Jua ndio inafukuza hii nyuki. Ikikosa maji na chakula, inahama, na haiagi mtu." Kwa wiki mbili tukafanya kama alivyosema. Tulifyeka majani chini ya kila mzinga ili siafu wasipate ngazi, tukapaka waya grisi chafu iliyotoka kwenye pampu ya kisima, tukashona magunia na nyasi kuwa paa la pili juu ya kila mzinga, tukaziba nusu ya mlango kwa udongo ili nyuki wachache waweze kuulinda. Tulifukia mabeseni mchangani, tukayajaza maji na mawe ili wasimame wasizame. Mwisho likaja agizo kubwa. Ndani ya mizinga ya namna hiyo kuna vipande vya mbao vilivyopangwa juu, nyuki huning'iniza masega yao hapo, na Mwiti aliviita pau. Akasema kila mzinga uachiwe pau nne za asali, na mtu asiziguse hadi mvua. Nilitarajia shangazi abishe. Badala yake aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeulizwa jina lake. Hata ng'ombe, alimwambia, tunakamua chuchu mbili, mbili ni za ndama.

Basi tukaanza kuwanywesha. Kila siku shangazi aliondoka na punda kabla ya jua kwenda kisimani, akarudi alasiri na mitungi minne, na kabla hajanywa yeye alipeleka bakuli moja moja kwenye mabeseni ya laga. Watu walimtania kwamba ananywesha inzi. Mimi pia nilikereka, sitajifanya malaika. Nilikuwa naoga kwa kikombe, nywele zangu zilinuka moshi, na kule kulikuwa na wadudu wenye mabeseni sita. Lakini nilimwona alivyoweka sikio kwenye mbao za mzinga, akafumba macho, akasikiliza mlio wao. Alikuwa akirudi kutoka huko amepata nguvu kidogo. Mwezi wa nane Mwiti alifungua mizinga akakuta nyuki wamekula pau mbili kati ya zile nne. Akasema wanakula polepole, watafika.

Wageni walikuja mwezi wa tisa, asubuhi ya saa nne, shangazi akiwa kisimani. Walikuwa watatu: Guyo na wazee wawili wa ukoo, wamevaa kofia na shuka safi, wameshushwa barabarani na gari la mbuzi na kutembea kutoka huko. Niliwatandikia ngozi ndani, nikawaletea maji ya kunawa, nikaweka birika motoni. Kisha nikazunguka nyuma ya nyumba kuchukua kuni, na mikeka ya nyumba zetu haizuii neno. Nilimsikia mmoja wa wazee akisema vibuyu vyote ni vikavu, amevigusa. Mwingine akasema nyumba ikishindwa kumpa mgeni kitu cha kuweka mdomoni haina tena haki ya kuitwa nyumba. Guyo akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, kama ninavyochoka mimi leo, "Basi akirudi afunge mizigo. Tutaondoka naye leo." Nilisimama pale na kuni mikononi. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi niliona wazi kwamba hawa wamekuja na mwenyeji wetu hataponea popote, isipokuwa nipate cha kuwapa.

Nilifungua sanduku. Mtungi wa asali ulikuwa na masalio ya chini tu, ya kupaka kidole. Shangazi alikuwa ameutumia kidogo kidogo kwa kifua changu nilipokohoa. Basi nikawaambia wazee naenda kuleta kuni nyingine. Nilichukua kisu, bakuli la mti, kopo la mavi ya punda yanayofuka, nikajifunga shuka kichwani, nikashuka laga juani, saa ambayo hakuna mtu mwenye akili hufungua mzinga. Na hapa ndipo nilipokosea kosa la mtoto wa wafugaji. Ningeweza kuumaliza mzinga mmoja. Lakini nimelelewa kwamba wakati wa ukame hukamui mnyama mmoja hadi akauke. Unachukua kidogo kwa kila mmoja, mzigo unagawanyika, wote wanaishi. Nikaenda mzinga kwa mzinga, nikikata kwenye kila mmoja sega moja kati ya mawili yaliyobaki, nikilia kwa maumivu na kuwaomba radhi nyuki kwa Kiborana. Walinichoma shingoni, mikononi, kwenye kope. Nilijiona nimetenda haki.

Wazee walikula. Hakuna aliyetarajia asali kwenye nyumba ile, na waliila wakiwa wamekaa wima, polepole, wakitema nta kwenye viganja. Niliwafungia na kipande kila mmoja cha kuwapelekea watoto, kwa sababu mgeni haondoki mikono mitupu. Guyo akaniuliza uso umefanyaje, nikasema nyuki wa kwenye mabeseni. Akalamba kidole, akawatazama wenzake, na uamuzi ukabadilika hapo hapo, mbele ya macho yangu yaliyokuwa yanafumba kwa uvimbe. Wakasema watampa muda hadi mvua. Ikiwa mifugo hii ya Talaso itaiona mvua, akasema Guyo kwa utani kidogo, basi ni mfugaji kama wafugaji wengine na hakuna atakayemgusa. Isipofika, yeye atakuja na lori, na hataki tena maneno.

Walimkuta shangazi njiani wakamweleza. Alirudi akiniita jina kutoka mbali, jambo ambalo hakuwa akilifanya, punda akitembea mbele peke yake. Wamesifu asali, akasema. Akaniuliza nimeitoa wapi. Nikamwambia kwenye mtungi, nimeukwangua wote hadi chini. Akanishika uso wangu uliovimba kwa mikono miwili yenye ubaridi wa mitungi, akanibariki, akasema, "Umeniokoa, Darmi. Nyumba hii umeisimamisha wewe." Kisha akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu nifike. Nilijiambia nitamweleza kesho yake, akishatulia. Kesho yake alikuwa anaimba akikaza kamba, nikasema kesho kutwa. Mtu akiniuliza leo uongo huanzaje, nitamjibu kwamba wangu ulianza kwa kumwonea mtu huruma asubuhi moja, na baada ya hapo sikuhitaji kufanya lolote, ulijiendea.

Mzinga wa kwanza ulinyamaza baada ya wiki tatu. Shangazi aliweka sikio, akalitoa, akaliweka tena. Halafu wa pili, na katika siku tisa yote sita ikawa mbao tupu. Mabeseni yalikuwa yamejaa maji. Mwiti alipokuja, shangazi hakumsalimia. Alimshusha laga, nami nikafuata kwa sababu kutofuata kungenifichua. Mwiti alifungua mzinga mmoja, akatoa pau, akaigeuza kwenye mwanga. Akafungua mwingine, akatoa nyingine. Alifanya hivyo kwenye mizinga yote, bila haraka. Aliniangalia mara moja, akarudisha macho kwenye pau. Kisha akamwambia shangazi kwamba kosa ni lake. Alipaswa kusema pau sita, yeye akasema nne. Hakulijua vizuri jua la Kulamawe. Shangazi hakuwahi kuwa mtu wa matusi. Alimwambia tu, kwa Kiswahili chake cha shida, "Wewe nadanganya mimi. Mimi naamini, wewe nadanganya." Mwiti akasema pole, mama, akapanda baiskeli yake. Akina mama wengine waliposikia waliipasua mizinga yao kuwa kuni. Baadaye tukasikia mradi umemwondoa, hakuna kikundi upande wetu kilichomtaka.

Mvua ilinyesha siku kumi na moja baada ya hapo. Guyo alileta lori kama alivyoahidi, na hakusema neno la kumkebehi. Shangazi aliivunja nyumba mwenyewe, hakuruhusu mtu amsaidie, akafungua kila kamba aliyoifunga. Fito zilipakiwa, zikashushwa Wabera, zikaegemezwa ukutani nyuma ya duka, na ndani ya mwaka mmoja zilikuwa zimetumika kuchemshia chai. Alipewa chumba cha uani chenye ukuta wa mawe na dirisha lililotazama ukuta mwingine. Hakuteswa. Alilea watoto wa Guyo, Rukia akiwa mmoja wao, walimheshimu. Mimi niliolewa hapa hapa mjini, nikafundisha chekechea hadi goti likakataa, na kila Ijumaa nilimpelekea kitu. Kila mgeni mpya alisimuliwa, tena na tena, jinsi Mmeru mmoja alivyomdanganya akapoteza nyumba. Nilikaa pale, nikimimina chai. Ningemwambia nini? Mwaka wa tano nilisema nimechelewa. Mwaka wa ishirini nilisema atakufa kwa uchungu. Funika kombe mwanaharamu apite, wanasema, lakini mwanaharamu huyu hakupita, alikuwa ni mimi na nilikuwa nakaa humo humo.

Basi siku ile ya tatu ya msiba nikatoka nje na chai. Mwiti alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwisho kando ya turubai, kofia magotini, mikono imekuwa ya mzee. Akanipa pole, akauliza mimi ni yule msichana, nikasema ndiye. Nikampa kikombe. Kisha akauliza kwa upole kama mama Talaso alikuwa bado akimtaja. Nikamwambia ndiyo. Hadi wiki iliyopita. Na kabla sijapata muda wa kujipa sababu nyingine, nikamwambia yote: wazee, kisu, sega moja kwenye kila mzinga. Alisikiliza akipuliza chai yake.

"Mimi nilijua," akasema. "Nyuki ikikula sega, inaacha nta hapo juu, imetafunatafuna. Hiyo yenu ilikuwa imekatwa sawasawa, laini. Kisu. Na kwa hiyo boma mlikuwa wawili tu." Akanywa. "Ungemaliza mzinga moja, ile tano ingefika mvua. Mliishi hivyo na mbuzi, sikulaumu. Lakini nyuki si mbuzi."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akanitazama kama ananiona sijakua.

"Ningesema, huyo mama angebaki na nani?"

Aliinuka baadaye kidogo akaaga, akasema boda boda inamngoja na Meru ni mbali kwa mgongo wake. Nilimsindikiza hadi lango. Kisha nikarudi ndani, mguu ukiuma, nikakaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, nikasema yule mzee si mwongo, mwongo ni mimi, nikawasimulia. Nilitarajia kelele. Kulikuwa na sauti ya mtu anayekoroga sukari, kisha ikakoma. Wakubwa waliangalia chini. Rukia ndiye aliyesogea mbele yangu, na macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Mwezi uliopita marehemu alinituma nimtafutie mtu aende Meru," akasema. "Alitaka yule mzee aje amwombe msamaha kabla yeye hajafa. Wewe ulikuwa umekaa hapa. Ukamwambia aache, yamepita. Ulimwacha aende nalo kaburini?"

Nikasema ndiyo.